Laboratwari ilifungwa, lakini kazi ilibaki mikononi



Wenye kutengeneza gazeti letu waliniomba niandike namna nilivyopoteza kazi ya laboratwari, na namna nilivyopata kazi ninayofanya leo katika koperative tatu za teritwari ya Walungu. Mwanzoni nilikataa. Kuelezea watu siku uliyoachishwa kazi si jambo la kufurahisha. Lakini karibu kila mkutano ninaoenda, mzazi mmoja ananivuta pembeni na kuniuliza: "Injenieri, mtoto wangu naye alisoma, iko anakaa tu nyumbani. Afanye nini?" Ninaandika kwa ajili ya mzazi huyo, kwa ajili ya mtoto wake, na sana sana kwa ajili ya koperative ambazo ziko na watoto kama hao na hazijui kuwatumia.

Ijumaa saa nane

Niko na miaka 34. Baba yangu ni mkulima. Aliuza ng'ombe wawili ili nimalize institi ya kilimo, na hapa kwetu kila mtu anajua ng'ombe ni kitu gani kwa mzee. Mwaka 2015 nilipata kazi katika laboratwari moja ya Bukavu. Ilikuwa na vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza tulipima udongo uliotoka mashambani. Katika cha pili tulikuza miche ya migomba ndani ya vichupa vya kioo: unakata kipande kidogo sana cha moyo wa mgomba, unakiweka kwenye chakula chake, unakifunga vizuri, na kinaanza kuzaa miche misafi. Mshahara ulikuwa dola 350 kwa mwezi. Ulilipa nyumba, ulisaidia minervali ya watoto wawili, na kitu kidogo kilifika kwa wazazi.

Mwaka 2021, mwezi wa tatu, Ijumaa moja saa nane za mchana, shefu alituita wote saba. Alisema makuta ya mradi iliisha na mfadhili hataongeza mengine. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekosa. Tulipewa mshahara wa mwezi mmoja na barua ya shukrani. Nilikunja bluzi yangu nyeupe ndani ya mfuko, nikarudi nyumbani.

Kwa siku nne sikumwambia mtu. Asubuhi nilivaa, nikatoka, nikaenda kukaa kando ya ziwa mpaka saa ya kurudi kazini ifike. Siku ya tano mume wangu, ambaye ni mwalimu, alisikia habari hiyo kwa mtu mwingine sokoni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Kwa nini nisikie inje?" Hilo swali liliniumiza kuliko kupoteza kazi yenyewe. Kijana anayesoma haya, kama imekufikia, sema nyumbani siku hiyo hiyo. Mtu mmoja hawezi kubeba mzigo huo, na wale unaowaficha ndio watakaokusaidia kufikiri.

Miezi minane ya kubisha hodi

Niliandika barua 31 za kuomba kazi. Kila moja ilikuwa na makuta yake: kuchapisha, fotokopi, bahasha, moto ya kwenda kuipeleka. Nilijibiwa mara mbili, na mara zote mbili jibu lilikuwa hapana. Kosa langu nililiona nikiwa nimechelewa: barua zote 31 ziliomba kazi ile ile. Nilikuwa natafuta laboratwari nyingine, na katika jimbo letu laboratwari ni chache, tena ziko na watu wake.

Usiku mmoja mume wangu alichukua kaye ya shule, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Akasema, "Upande wa kushoto, andika mashini zote ulizotumia. Upande wa kuume, andika kile mikono na macho yako yalikuwa yanafanya." Nilijaza upande wa kushoto haraka sana. Upande wa kuume ulinichukua usiku mzima. Mwishoni ulikuwa na mistari mitano:

Kupima bila kubahatisha.
Kuhesabu na kuandika kila siku.
Kulinganisha vitu viwili ili kujua kipi ni bora.
Kulinda usafi ili ugonjwa usihame.
Kusema matokeo kama yalivyo, hata kama hayafurahishi.

Vya kushoto vyote vilibaki Bukavu, nyuma ya kufuli. Vya kuume hakuna mtu aliyevifungia. Lakini ile kaye haikuniambia nani atanilipa kwa ajili ya mistari mitano. Hilo nililijifunza kijijini.

Panga la baba

Mwezi wa kumi na moja akiba iliisha. Mume wangu alibaki Bukavu juu ya shule, mimi na watoto tulirudi kwa wazazi. Nilifika mangaribi. Baba aliangalia masanduku, akauliza, "Balikufukuza?" Nikajibu, "Hapana baba, makuta ya mradi ndiyo iliisha." Akanyamaza. Niliwaza ng'ombe wake wawili.

Asubuhi alinipeleka kwenye migomba bila kusema kitu. Majani yalikuwa yanageuka manjano na kulegea. Vitumba vya chini vilikuwa vimekauka. Ndizi zingine zilikuwa zimeiva mbele ya wakati, na ulipozikata, ndani zilikuwa na rangi ya kahawia. Nilikata shina moja, tukangoja kidogo, usaha wa manjano ukaanza kutoka. Ulikuwa mnyauko wa bakteria, ugonjwa ambao hapa Kongo ulionekana Masisi mwaka 2001 na tangu hapo umezunguka Kivu yote.

Nilimwuliza anakatia na nini. Akanionyesha panga lake. Kwa panga moja alikuwa anakata mgomba mgonjwa, kisha anaenda kukata majani ya mgomba mzima. Pale ndipo niliikumbuka laboratwari. Kule, kila mara kabla ya kukata kipande cha mgomba, tulipitisha kisu kwenye moto. Kila mara, hata mara mia kwa siku. Ukisahau mara moja, vichupa vyote vinaoza. Panga la baba na kisu changu vilikuwa na sheria moja.

Tuliwasha moto pale shambani. Tulifanya mambo manne, na tuliyarudia kila wiki:

Kukata shina lililo gonjwa peke yake, chini kabisa kwenye udongo, na kuacha yale mengine ya kitako kile ambayo hayana alama.
Kupitisha panga kwenye moto mpaka lipate joto kali kila unapotoka kwa mgomba mmoja kwenda kwa mwingine. Mwenye javeli anaweza kuitumia kusafisha panga.
Kuvunja kitumba cha chini kwa mti wenye panda, si kwa panga, mara tu kichane cha mwisho kinapotokea, kwa sababu wadudu wanaotembelea kile kitumba wanabeba ugonjwa.
Kutotoa chipukizi katika shamba gonjwa kwenda kupanda kwingine, na kutoacha mbuzi waingie kula.

Niliandika katika kaye idadi ya mashina tuliyokata kila wiki. Wiki ya kwanza 23. Baada ya miezi minne, 2. Baba hakusema asante, si desturi yake. Lakini majirani walipokuja kuuliza, nilimsikia anawaambia: "Muulizeni mtoto wangu, alisomea hiyo."

Nilianza vibaya

Hapo nikajidanganya kwamba nimekwisha kufaulu. Mwanzoni mwa 2022 nilikopa dola 120 kwa dada yangu, nikanunua kisanduku cha kupima uchachu wa udongo. Niliwaza: hii ndiyo laboratwari yangu ndogo. Niliomba dola 3 kwa kila shamba. Watu 14 walilipa.

Kisha mama mmoja alirudi na karatasi niliyompa. Alisema, "Uliniambia udongo wangu ni mchachu. Mimi nilijua tu haizai. Sasa nifanye nini?" Nilimwambia juu ya chokaa. Akauliza ngapi. Nilipomwambia kwamba kwa hektari moja hesabu yake ni ya tani, alicheka. Hakunicheka mimi, alicheka umaskini wetu. Chokaa inatoka wapi, nani ataipandisha mlimani, na kwa makuta gani? Samadi na majivu ya jikoni alikuwa anaweka tangu zamani bila kunilipa mimi.

Nilimrudishia dola zake tatu. Deni la dada yangu nililimaliza mwaka uliofuata. Kisanduku hakikuwa kibaya, na vipimo vilikuwa vya kweli. Ila nilikuwa nauza namba ambayo mtu hawezi kuifanyia kitu. Katika laboratwari namba ndiyo mwisho wa kazi yako: unaiandika, unaituma, mtu mwingine anajua la kufanya. Shambani namba ndiyo mwanzo. Tangu siku hiyo, mbele ya kupima kitu chochote, ninamwuliza mkulima: "Nikipata jibu la ndiyo utafanya nini? Nikipata la hapana utafanya nini?" Kama yote mawili ni kitu kimoja, sipimi.

Mbegu mia moja

Mwezi wa nane wa 2022, koperative yetu ilikuwa na kilo 600 za maharagi katika depo. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amezileta kama mbegu za sizoni A, na alitaka kulipwa dola moja kwa kilo. Mama mwenye kushika sanduku la koperative alinijia jioni. "Injenieri, hii mbegu itaota ama haitaota?"

Hilo lilikuwa swali lenye mlango pande zote mbili. Kama itaota, wanalipa. Kama haitaota, wanarudisha. Na jibu halihitaji mashini.

Tulifungua mifuko yote. Katika kila mfuko tulichukua kidogo juu, kidogo katikati, kidogo chini, tukachanganya. Tulihesabu mbegu 100 bila kuchagua nzuri. Tulichemsha kipande cha kikwembe kizee, tukakikamua, tukapanga mbegu juu yake, tukakikunja, tukakiweka ndani ya beseni pahali penye kivuli. Asubuhi na jioni tulinyunyiza maji kidogo ili kitambaa kibaki na unyevu bila kuogelea. Tulifanya hivyo mara mbili, beseni mbili, kusudi beseni moja isitudanganye.

Siku ya saba tulikunjua mbele ya komite. Tulihesabu zile tu zilizotoa mzizi na chipukizi zuri. Beseni ya kwanza 58, ya pili 61.

Mbegu nzuri ya maharagi, tunataka angalau 80 juu ya mia. Ikiwa kati ya 60 na 80, unaweza kuipanda kama hakuna nyingine, lakini unaongeza mbegu kwa kila shimo. Ikishuka chini ya 60, ni afadhali kuitafuta nyingine. Hizo zetu zilikuwa pale pale kwenye mpaka, na mfanyabiashara alikuwa anataka bei ya mbegu nzuri. Komite ilimwita, ikamwonyesha beseni. Alikasirika, kisha akarudi na mzigo mwingine. Tuliupima vilevile: 91. Huo ndio uliogawanywa.

"Ni mtoto wetu, tumulipe nini?"

Katika mkutano mkuu wa mwezi wa tisa, prezida alipendekeza koperative inilipe. Mzee mmoja alisimama. Ni mtu ninayemheshimu, alinibeba nikiwa mdogo. Alisema: "Huyu ni mtoto wetu. Tumulipe nini? Akikaa hapa anakula kwetu." Watu wengi walipiga makofi. Baba yangu alikuwa ameketi katika safu ya pili, aliangalia chini.

Mimi sikuwa na jibu. Mtu wa laboratwari hajazoea kuomba bei. Aliyejibu ni yule mama wa sanduku. Alisema, "Mzee, samahani, nifanye hesabu. Tulikuwa na kilo 600. Juu ya mia, karibu 40 hazikuota. Hiyo ni kilo 240, ni dola 240 ambazo tungezika ndani ya udongo, bado kazi ya kulima, bado njaa ya mwezi wa kwanza. Mwaka jana hatukupima. Nani anajua tulizika ngapi?" Kisha akaongeza: "Tukimlipa mgeni anayekuja na gari kwa siku moja, kwa nini tusimlipe mtoto wetu anayelala hapa?"

Mkutano ulinyamaza. Yule mzee alikaa kidogo, akasema, "Basi muandike, lakini aandike na yeye kile atakachofanya." Alikuwa na haki. Ndivyo nilivyopata mkataba wangu wa kwanza tangu laboratwari, ukurasa mmoja, ulioandikwa kwa mkono: kazi gani, mara ngapi, kwa makuta gani, na nani anashika kaye ya matokeo.

Kazi iko namna gani leo

Sasa niko na koperative tatu. Kila moja inanilipa dola 40 kwa mwezi katika miezi sita ya kazi nyingi, yaani kuzunguka upandaji na mavuno ya sizoni A na B. Mbele ya kupanda, ninapima mbegu. Wakati wa mavuno, ninapima kama mahindi yamekauka kabla ya kuingia depo.

Kwa mahindi tunatumia chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko. Kausha chumvi juani au kwenye sufuria ya moto, iache ipoe. Weka ndani ya chupa vijiko viwili au vitatu vya chumvi, ongeza mahindi mpaka robo ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi, zaidi ya 15 juu ya mia: rudisha juani, yakiingia depo hivyo yatashika kuvu. Chumvi ikianguka chini bila kuganda, yanaweza kuingia. Kama mnataka kuyaweka miezi mingi, ongezeni siku moja ama mbili za jua.

Nimefundisha pia kikundi cha vijana kukagua migomba na kuchoma mapanga. Na niko na kipande changu mwenyewe cha nusu hektari, ambako ninazalisha mbegu za maharagi na kuziuzia koperative. Nazo zinapimwa kama za mfanyabiashara yeyote. Anayezipima si mimi, ni mama wa sanduku.

Nisiwadanganye. Kwa mwaka, ninapata kidogo kuliko wakati wa laboratwari. Kuna miezi ya kiangazi ambayo ni migumu, na mume wangu bado tunaonana mwisho wa juma. Ninakosa wale wenzangu sita, ninakosa hata harufu ya kile chumba. Lakini minervali inalipwa, na kazi hii haitakufa siku mfadhili mmoja ataondoka, kwa sababu wanaolipa ni wale wale wanaofaidika.

Kwa koperative

Mbele ya kungoja mtaalamu kutoka mbali, fanyeni mambo haya katika mkutano ujao:

Andikeni majina ya watoto wa wanachama waliosoma kilimo, uganga, hesabu au mashini, na ambao wako nyumbani.
Tafuteni hasara moja ambayo inarudi kila sizoni: mbegu zisizoota, mahindi yenye kuvu, mizani isiyo sawa, kaye zisizoeleweka.
Mpeni mmoja wao kazi ya sizoni moja tu juu ya hasara hiyo, kwa mkataba wa ukurasa mmoja na malipo madogo yaliyo wazi.
Mwishoni hesabuni pamoja: tuliokoa ngapi, tulilipa ngapi. Kama hesabu haikubali, acheni bila ugomvi.

Kwa kijana aliyerudi na diploma

Usiende na bei kwanza, na usiende na mashini kwanza. Chukua kaye, piga mstari katikati, andika upande wa kuume. Kisha kaa karibu na depo ya koperative kwa wiki moja na sikiliza watu wanauliza nini. Ukisikia swali ambalo mikono yako inaweza kujibu, na jibu lake litabadilisha kile watu watafanya kesho, anzia pale.

Sizoni B inaanza mwezi wa pili. Mbegu nyingi zitaingia katika depo zetu kuanzia mwezi wa kwanza. Kuzipima kunahitaji mbegu 100, kitambaa safi, beseni, na siku saba. Hesabuni siku hizo mbele ya kulipa.